Nchi ya Upana wa Unywele

Siku ya arobaini tangu nikae, niliingia ndani ya goti langu mwenyewe.

Sisemi hivi ili nimshangaze mtu. Watu huingia pengi. Huingia matatani, huingia kwenye ndoa, huingia kwenye nyumba za wenzao wakati wa chakula, na hakuna anayewauliza walipitia mlango gani. Mimi niliingia gotini, asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya ukuta wa uani. Mke wangu Siwema alikuwa barazani akichagua mchele wa hitima, na upande wa pili wa ukuta mke wa Shomari, mdogo wangu, naye alikuwa akichagua mchele wa hitima. Marehemu alikuwa mmoja. Sufuria zilikuwa mbili.

Marehemu ni Mize, dada yetu, aliyezaliwa kati yangu na Shomari. Arobaini yake ilikuwa siku ile baada ya alasiri. Nyumba zote mbili zilikuwa zimemwalika maalimu kwa saa ile ile, naye alituma jibu kwamba koo lake ni moja, tukubaliane. Hatukukubaliana, maana kukubaliana kunataka kusemezana, na aliyekuwa akitusemezanisha ndiye huyo tuliyekuwa tukitaka kumsomea.

Naomba niseme mapema tuligombana nini, ili usije ukadhani ni shamba. Miaka tisa iliyopita, siku tuliyomzika baba, nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ukingo wa kaburi. Mtoto wa kwanza hushuka kumpokea baba yake. Hilo halihitaji kufundishwa. Shomari akanishika bega, akasema mbele ya watu wote: "Kaka, wewe kaa. Goti lako halitakubali." Akashuka yeye. Nikakaa kwenye kifusi cha udongo nikiutazama mgongo wake ukifanya kazi yangu, na ukitazama vizuri, sijainuka hadi leo.

Kisha ikaja zamu ya Mize. Sisi wawili ndio tuliokuwa maharimu wake wa karibu. Shomari alishuka, akasimama ndani ya shimo, akainua mikono, akanitazama. Aliningoja. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni, na moyoni nilisema: uliniambia nikae, nimekaa. Nilipata hata raha kidogo, raha ya mtu anayelipiza kisasi bila kunyanyua kidole. Mwishowe mwana mkubwa wa Shomari, mtu mzima mwenye ndevu zake, akashuka mahali pangu, na dada yangu akalazwa mchangani bila mikono yangu kumgusa. Nilirudi nyumbani nikanyosha mguu wa kulia juu ya stuli. Sikuukunja tena. Chooni nilikwenda kwa kuukokota kama mzigo wa mtu mwingine. Waliokuja kunipa pole niliwaambia nalipumzisha goti, kwa kuwa goti ni kama sabuni: ukilitumia linaisha, ukiliweka linadumu. Wakaitikia kwa vichwa. Mtu akisema upuuzi akiwa msibani, hakuna anayembishia.

Mimi ni fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Shomari ni fundi baiskeli. Mimi natia mafuta, yeye anatia grisi. Watoto wawili wa baba mmoja tuliokula maisha yetu yote kwa utelezi wa vyuma, na katikati yetu palikuwa pakavu kiasi kwamba neno likianguka ungelisikia likivunjika.

Basi asubuhi ile nilichukua kikopo changu cha mafuta ya cherehani, kile chenye mdomo mrefu, nikatia matone mawili juu ya pia ya goti. Mwanamume wa miaka sitini na mbili anajitia mafuta kama mashine; ukicheka, haki yako. Mafuta yakateremka ubavuni mwa goti yakadondoka sakafuni. Nikabaki nikipatazama pale yalipopita. Nilipopatazama sana pakawa njia, na njia ikanichukua.

Mlangoni palikuwa na mwanamke mwenye mikono iliyolowa hadi viwikoni. Hakunikaribisha. Alininyoshea kiganja tu, na nikajua, kama mtu anavyojua mambo usingizini, kwamba anataka jina langu. Nikampa: Kibwana. Akalitazama pande zote mbili, akalitundika kwenye msumari uliokuwa umebeba majina mengine, akaniambia nipite. Nilipomuuliza lake, alionesha ule ule msumari. Kwa hiyo nitamwita Mshikiza. Sisi mafundi tukisema kushikiza nguo tuna maana ya kuiunga kwa uzi mwepesi kabla ya mshono wenyewe, ili vipande visikimbiane. Nguo ikiisha uzi ule hutolewa, na sijawahi kumsikia mteja akiusifu.

Kisha nikaiona nchi. Ilikuwa na dunia mbili. Moja ilining'inia juu yangu, ya mviringo, nyeupe kwa weupe wa nyama ya dafu. Nyingine ilitandazwa chini, nyeupe vile vile, imebonyea kidogo mahali pa kuipokea mwenzake. Huo weupe ni gegedu, Mshikiza aliniambia, koti la mfupa. Kati ya dunia hizo palikuwa na upana wa unywele, umejaa ute mzito unaovutika kama ute wa yai, na ndani ya unywele ule mimi nilisimama wima wala sikuinama. Usiniulize niliwezaje. Ukubwa wa mtu ni mazoea, na yangu niliyaacha msumarini.

Nilimuuliza ni saa ngapi huku. Akasema huku hakuna saa, kuna hatua. Mguu ukikanyaga ni jana, ukiinuka ni leo. Nikauliza basi sasa ni hatua gani.

"Ile ile ya siku ya maziko," akasema. "Tumeganda hapo. Tunakungoja wewe."

Watu walikuwa wamejipanga ukutani, safu moja kwenye dunia ya juu na safu nyingine kwenye ile ya chini. Kila mmoja ameushika ukuta kwa mikono na kwa miguu, uso ameuzamisha gegeduni, mgongo ameubenua kuelekea katikati. Mgongoni kila mmoja alibandikwa chembe za sukari, nyingi, kutoka begani hadi kiunoni, na sukari ilikuwa imeyaita maji, na maji yamekuja yamekaa. Migongo ya juu ilielekeana na migongo ya chini na katikati yake yale maji yasiyokubali kusogezwa. Dunia ikishuka na uzito wake wote, mgongo hubonyea, maji husukuma, dunia huteleza ikapita. Kitu hakigusi kitu. Madaktari wa nje, alisema Mshikiza, huwaita watu hawa protini, na si jina baya, ila halielezi uchovu. Yeye aliieleza kazi yao kwa maneno machache: ncha zetu hushika, katikati yetu hukataa.

Nikatafuta damu nisiione. Hapakuwa na mshipa hata mmoja. Husemwa damu ni nzito kuliko maji, na mimi nimeirudia methali hiyo kwenye harusi za watu na kwenye mabaraza ya kusuluhisha, nikiisema kwa sauti ya mtu anayejua. Pale damu haikufika. Dunia zile mbili hazikusagana kwa sababu ya maji, na kwa sababu ya watu waliokuwa radhi kuyabeba mgongoni.

Nimekuwa nikidhani nguvu ni kubeba. Nani amebeba jina la ukoo, nani amebeba jeneza upande wa kichwa, nani ameshuka shimoni. Tunampima mtu kwa mzigo wake, na wawili wakibeba mzigo mmoja tunauliza nani kabeba zaidi. Nilikuwa sijawahi kuuliza swali la pili: ni nini kinachozuia wabebaji wasiuane? Maana mfupa hauna huruma. Uweke juu ya mfupa mwenzake, uutembeze maili moja, na jioni utakuta unga. Kama kuna mtawala wa goti, basi hana kiti, hana fimbo, wala hasimami mahali ambapo mtu anaweza kumpigia saluti. Anakaa mahali ambapo wakubwa wawili wangekutana, na utawala wake wote ni kwamba hawakutani. Nilipofika hapo katika mawazo nilijiona mjinga, na si kwa unyenyekevu wa vitabuni. Nilijiona mjinga kabisa, kama mtu aliyevaa shati nje-ndani akazunguka nalo sokoni mchana kutwa.

Hapo ndipo dunia mbili zilipoanza kusema.

Ya juu ilisema: mimi ndiye mwenye uzito, bila mimi hakuna mtu. Ya chini ikajibu: wewe ni uzito tu, mimi ndiye nisimamaye, nikiondoka utaangukia wapi. Zilisema hivyo kwa zamu, pole pole, na ilionekana zimekuwa zikisema hivyo tangu kabla hazijafundishwa maneno mengine. Sauti ya juu niliijua. Ilikuwa yangu, pamoja na kile kikohozi changu cha mwisho wa sentensi. Ya chini ilikuwa ya Shomari. Waliokuwa katikati hazikuwataja hata mara moja. Nikamuuliza Mshikiza kama hilo haliwaumi, akasema wakubwa wakitutaja maana yake wametugusa, na wakitugusa maana yake tumekwisha.

Sikulipenda jibu hilo, nami nikikosa kupenda kitu sinyamazi. Nilimwambia huo ni uonevu, watu wazima kuning'inia gizani kwa ajili ya majitu mawili yasiyo na shukrani, na kama ningekuwa wao ningeachia ukuta nikaenda zangu. Mshikiza hakubishana. Alimgusa bega mmoja wa walioshika karibu, akamnong'oneza, naye akalegeza mkono mmoja. Mkono mmoja tu wa mtu mmoja. Dunia ya juu ikashuka kipande kisichopimika, na mlio uliotoka pale niliusikia kwenye meno. Yule mtu akashika tena. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi; ila mimi nilikuwa sijawahi kusimama ndani ya nyasi zenyewe.

Tukatembea. Nikaanza kuona mapengo ukutani, mahali ambapo weupe ulikuwa umekwaruzika na hakuna aliyeshika. Waliobaki walikuwa wamekonda, sukari imepungua migongoni. Nikauliza kuna ugonjwa gani.

"Njaa," alisema Mshikiza. "Damu haifiki huku. Chakula chetu huja na hatua. Mguu ukikanyaga ukuta hukamuliwa, ukiinuka ukuta hunywa. Na wapya wa kushika mahali pa waliochoka huzaliwa kwa hizo hizo hatua. Usipotembea hatuli, na hatuzaliwi."

Nikamwambia kweli: nilikuwa nikiwahurumia. Nilidhani kutembea ndiko kunakowasaga. Niliwaweka kama mtu anavyoweka nguo nzuri sandukuni.

"Tunajua," akasema. "Umetuhurumia mpaka tumeanza kufa."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata mahali pa kushika, ningemjibu, nina ulimi mimi. Aliniambia kama unavyomwambia mtu kwamba chai imepoa.

Kwenye pembe ya mbali palikuwa na wekundu, na kutoka kwenye wekundu ule walitoka watu wenye mikasi. Goti likivimba, alieleza Mshikiza, hao huingia, na huwakata walioshika katikati ya mgongo. Aliyekatwa huachia akaelea. Mikasi yenyewe niliitambua. Ilikuwa mikasi yangu ya kazini, ina kitambaa cha kijani nilichokizungusha kwenye kishikio kisinichune. Nao waliokuwa wameishika walikuwa na uso wangu, kila mmoja, na kila mmoja akikata alisema maneno yale yale kwa sauti ya kawaida kabisa:

Mwambie halimhusu. Mwambie halimhusu.

Nikageuka. Nasema bila aibu kwamba nilikimbia, mimi ambaye juu huko sikuwa nimepiga hatua ya maana kwa siku arobaini. Nilikimbia kando ya ukuta mpaka nikafika mahali palipokuwa patupu huku na patupu huku, na katikati ya utupu huo ameshika mtu mmoja peke yake. Uso sikuuona. Niliona visigino. Vilikuwa vimepasuka, vile vipasuko virefu vinavyoingia mchanga, na kisigino cha kushoto kina alama ya kigae alichokikanyaga akiwa na miaka sita, siku nilipomwambia hawezi kuruka mtaro.

"Mize," nikasema.

"Huku hatuitani, Kaka," akajibu bila kugeuka. "Jina langu liko msumarini, chini ya lako."

Nilimwambia ashuke twende, leo arobaini yake, watu wanampikia.

"Hitima ngapi?"

"Mbili."

Alisogeza kisigino kimoja, akakizamisha ukutani.

"Basi mtashiba," akasema.

Husemwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Majirani wetu walilima. Walilima miaka tisa, wakijua haya ni ya ndugu, yatakwisha. Mize hakuchukua jembe. Kila Ijumaa alitoka kwake na chombo cha uji wa mchele, akaanza kwa Shomari, akamalizia kwangu, na kila Ijumaa alikaa kwenye kigoda mbele ya cherehani akaniambia kwamba Shomari anauliza goti linaendeleaje. Kila Ijumaa nilimjibu kwa maneno yale ya wenye mikasi. Kisha nikanywa uji. Sasa nilikuwa nimesimama nyuma ya visigino vyake na swali moja, na nililiogopa kuliko nilivyoogopa wekundu ule.

"Ile miaka tisa," nikasema. "Shomari aliwahi kuuliza kweli?"

"Wewe ulinijibu nini niende nikamwambie?"

"Unajua nilichokujibu."

"Mimi nilimwambia: Kaka anashukuru, naye anauliza mgongo wako."

"Kwa hiyo hakuuliza."

"Nilikuwa napaka mafuta, Kaka. Sikuwa naandika."

Nikaona kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kuachia. Aliushika ukuta kwa mmoja, na vidole vilikuwa vikitetemeka kwa mtetemo mdogo wa mtu aliyebeba ndoo mbali. Aliniambia, kwa utulivu, kwamba sehemu hii ameishika peke yake tangu tulipomfukia, na kwamba ruhusa yake inaishia leo alasiri. Wakisoma, ataachia. Nikauliza dunia zitakuwaje. Akasema zitagusana, na zikigusana hatutahitaji mtu wa kutuletea salamu, maana tutakuwa tunasikiana moja kwa moja, mfupa kwa mfupa, mpaka mmoja aishe. Nikamwambia nitashika mimi mahali pake. Hapo aligeuza kichwa kidogo, nikaona upande wa shavu, na alikuwa akicheka lile cheko lake la kunionea huruma.

"Wewe ni ukuta, Kaka. Ukuta haushiki."

"Basi nifanye nini?"

"Tembea."

"Itauma?"

"Itauma. Umetuacha wachache."

Nililia. Nilikuwa sijamlilia Mize, si siku ya msiba, si siku ya tatu, wala usiku wowote kati ya hizo arobaini. Watu walisema Fundi Kibwana ana moyo wa subira, nami nikawaacha waseme. Niliposhindwa kufumba macho kwa jinsi yalivyokuwa yakikwaruza, nililaumu vumbi la vitambaa. Sasa nililia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nilimwambia anisamehe kwa kukaa kwenye kile kiti. Nilimwambia kiti kile nilikitia moto, na ni kweli, nilikitia moto siku ya saba nikamwambia Siwema kimevunjika. Mize aliendelea kushika. Labda alikuwa ameshanisamehe Ijumaa fulani ya zamani, akasahau kuniambia.

Mshikiza alinikuta hapo. Alisema hawa watu wana jamaa zao kwingine, kwenye ala za kano, na chini ya kope ambako jicho hupanda na kushuka mara nyingi kuliko goti lolote, na kwamba wale wa kope walikuwa wamekwisha kuleta malalamiko kuhusu mwenye nyumba asiyelia. Leo wamepata kazi, akasema. Watakutoa. Mlangoni nikalichukua jina langu msumarini. Chini yake lilikuwa la Mize. Nikauliza kama naweza kuondoka nalo. Mshikiza akalipima mkononi, akasema nichukue, ila si la kuvaa, ni la kupeleka.

*

Nilikuwa kwenye kiti changu, mguu juu ya stuli, uso umelowa hadi shingoni. Kikopo cha mafuta kilikuwa kimelala sakafuni. Jua lilikuwa limehama ukuta mmoja hadi mwingine, na kutoka uani ilikuja harufu ya vitunguu kutoka sufuria mbili.

Kutoka kiti changu hadi benchi la Shomari ni hatua ishirini na mbili. Nazijua kwa sababu nilizisikia kila Ijumaa, kandambili zikija. Nikalishika goti kwa mikono miwili nikalikunja. Halikukubali. Nikalikunja tena. Likalia mlio ule niliousikia kwenye meno, nami nikasema neno ambalo siku ya hitima halisemwi.

Hatua ya kwanza ndiyo hiyo. Ya pili niliipiga nikishika cherehani, ya tatu nikishika mlango. Ya nne sikushika kitu. Jasho. Siwema alinyanyua macho, akayarudisha kwenye vitunguu, kisha akauvuta ungo wake uliokuwa njiani ili nipite. Miaka thelathini na tatu ya ndoa, na sijawahi kushukuru ukimya wa mtu kama nilivyoushukuru ule. Kwenye hatua ya tisa au ya kumi nilisimama, nikawafikiria walioshika, waliokonda, wakibonyea chini ya uzito wangu mmoja baada ya mwingine na ukuta ukinywa. Nikasema kuleni. Nilisema kwa sauti, na kuku wa jirani wakaja mbio. Kisha nikaacha kuhesabu.

Shomari alikuwa ameketi kwenye benchi lake mbele ya karakana, mnyororo wa baiskeli mapajani, akiupaka grisi kwa kidole. Kazi siku kama ile haikufaa, lakini mikono ya fundi ikikosa kazi humsumbua mwenyewe. Aliponiona hakuinuka. Nilitaka kukasirika, kwa mazoea. Ndipo nikaona, chini ya shati, mkanda mpana wa kiunoni, ule wa watu wasioweza kuinama, umechakaa kwenye kingo kama nguo ya miaka. Mgongo ule ulishuka kaburini mara mbili. Siku ya Mize alisimama mle akiwa ameinua mikono, na mkanda ule kiunoni, akiningoja.

"Mize anakusalimu," nikasema.

Kidole chake kikasimama juu ya mnyororo.

"Amesema nini?"

"Kila Ijumaa alisema unauliza goti langu linaendeleaje."

Shomari alitazama chini. Nilijua anachokitafuta, alikuwa akitafuta uongo mdogo wa kunipa, na sisi watoto wa kiume wa baba yetu hatukujaliwa kipaji hicho, kilimwendea Mize peke yake.

"Sikuwahi kuuliza, Kaka," akasema. "Na wewe, mgongo wangu?"

"Sikujua hata kama unauma."

Pande zote mbili za ukuta visu vikaacha kukata vitunguu. Goti langu lilikuwa likitetemeka, na kama asingesema kitu upesi ningeanguka miguuni pake, jambo ambalo lingechukuliwa kuwa ombi la msamaha kubwa kuliko nilivyokusudia. Alijipangusa grisi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akainua uso.

"Linaendeleaje?" akauliza.

"Kavu," nikasema. "Mgongo?"

"Haukunjiki."

Akasogea. Benchi lile ni fupi, ubao mmoja juu ya matofali; yeye akaenda mwisho wa kushoto, mimi nikaketi mwisho wa kulia, mguu wangu nikiukunja na kuukunjua kama nilivyoagizwa. Siwema alipita na sufuria yake kichwani kuingia upande wa pili, na mke wa Shomari akampokea. Sisi tulibaki benchini. Tulisikilizana tukipumua, na hatukusagana.

Baada ya alasiri maalimu alibisha hodi, akaja moja kwa moja kwenye benchi, akaona katikati yetu pana nafasi ya kumtosha mtu mwembamba, akakusanya kanzu yake akae. Mimi na Shomari tukanyosha mkono kwa wakati mmoja, tukaiziba.

"Hapo pana mtu," tukasema.